Onyo la Pembeni

Inspekta alikuwa na tabia moja ambayo wenzake kituoni waliicheka: hakumhoji mtu mara ya pili kabla hajasoma kila karatasi iliyotajwa katika shauri, tangu jalada la mbele hadi la nyuma. Koplo wake alipenda kusema kwamba afande akipewa kesi ya wizi wa kuku ataanza kwa kusoma ukoo wa kuku. Wacheke. Asubuhi ile, Mkurugenzi alipotolewa mahabusu na kuketishwa mbele yake, Inspekta alikuwa amemaliza kusoma kitabu kizima cha uhandisi, na ndani yake alikuwa ameona kitu ambacho wenzake hawakukiona.

Mezani palikuwa na nakala mbili za kitabu hicho. Kilikuwa mwongozo wa kutengeneza kuta za kuzuia udongo, kazi ya mhandisi mzee ambaye ofisi nzima ilimwita Timazi, kwa kuwa alinyooka kama ule uzi wenye kipande cha risasi ambao waashi hupimia ukuta. Nakala ya kwanza ilikuwa na jalada la bluu. Ndiyo iliyochapwa na kugawiwa wakandarasi. Ya pili ilikuwa karatasi zilizofungwa kwa uzi, kila ukurasa una sahihi ya Timazi chini, na juu yake limepigwa neno RASIMU.

Katika ukurasa wa tisa wa rasimu, pembeni, ndani ya kisanduku chekundu, yalikuwapo maneno haya: *Usichimbe mguuni mwa ukuta kabla maji yaliyo nyuma yake hayajatolewa. Utaanguka.*

Katika ukurasa wa tisa wa kitabu cha bluu, pembeni palikuwa peupe.

Msimamizi mmoja wa kazi alikifuata kitabu cha bluu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Aliwaambia watu wake wachimbe, wakachimba, ukuta ukawalalia. Mafundi watatu walizikwa mara mbili: kwanza na udongo wenyewe, kisha na ndugu zao.

Baraza la uchunguzi lilimwita Timazi na kumuuliza kwa nini hakuonya. Alisimama akajibu, "Onyo sikuliweka. Kosa ni langu peke yangu." Akaomba vitabu vyote vya bluu vikusanywe, kisha akavuliwa cheti chake cha uhandisi, akarudi nyumbani. Hakuona msimu mwingine wa mvua. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuwa akitafuta mashuka ya kuwatandikia waliokuja msibani alipoikuta ile rasimu yenye sahihi chini kabisa ya sanduku. Akaja nayo kituoni, macho bado yamevimba.

"Baba aliandika," alisema. "Yupo aliyefuta, halafu akamlazimisha anyamaze. Mkamateni."

Vidole vyote vilimwelekea Mkurugenzi wa ofisi ya Timazi. Kitabu kilipita mezani kwake kabla ya kwenda mtamboni, na watumishi walimsikia kwa masikio yao akigombana na mzee kuhusu onyo lile lile. Jioni hiyo jalada la kesi lilitakiwa kufika kwa mwendesha mashtaka. Kesho yake Mkurugenzi angesomewa shtaka la kusababisha vifo.

"Umelala?" Inspekta aliuliza.

"Afande, kwenye sakafu ile hata paka halali."

"Ulimwambia Timazi: 'Maonyo yako yatatufungia ofisi.' Kweli au si kweli?"

"Kweli. Nilisema mlango ukiwa wazi, kwa hasira."

"Hasira ya nini?"

"Wakandarasi walinijia juu. Kutoa maji nyuma ya ukuta kunachelewesha kazi. Nilimwomba apunguze makali, aandike 'inashauriwa'. Akakataa. Akaniambia udongo hausikii ushauri."

"Basi ukalifuta."

"Sikulifuta!" Mkurugenzi alipiga meza, kisha akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Ugomvi ule nilishindwa, afande, nikakubali. Yule ndiye aliyenifundisha kazi. Nilianza kwake nikimshikia futi. Mtu aliyekushika mkono ukitambaa humfutii maneno."

"Kitabu kilipita mikononi mwako."

"Kilipita. Sikukisoma. Nilitazama jalada, nikatazama yaliyomo, nikatia sahihi. Kitabu cha Timazi, nani akikague? Timazi ndiyo inayopima, haipimwi."

"Uliwaambia baraza kwamba mligombana juu ya onyo hilo?"

Mkurugenzi alikitazama kitabu cha bluu.

"Hukuwaambia," Inspekta alisema. "Ungewaambia, wangejua liliandikwa, na mzee asingevuliwa cheti. Na jirani alikuona ukitoka nyumbani kwake jioni ya kuamkia baraza. Ulikwenda kumtisha?"

"Kumtisha Timazi?" Mkurugenzi alicheka kicheko kikavu. "Hukumfahamu. Nilikwenda kumsihi. Nilimwambia, mzee wangu, mimi na wewe tulikaribia kutiana ngumi kwa ajili ya lile onyo, basi liliandikwa. Liko wapi? Tulitafute. Amekaa pale kwenye kiti chake, ametulia tuli. Ananiambia, 'Sikuliweka. Kama unaniheshimu, usiulize tena, wala usiseme kwamba tuligombana.' Akanishika mkono, hauachii, mpaka nikaahidi."

"Alikupa sababu?"

"Hakunipa. Na leo nimevunja ahadi niliyompa marehemu, kwa sababu ya sakafu yenu."

Inspekta alikifungua kitabu cha bluu mahali alipokuwa ametia kipande cha karatasi, akakisukuma mbele ya Mkurugenzi.

"Ukurasa wa kumi na nne. Nisomee mstari huu."

Mkurugenzi alisoma taratibu. "'Maji yakishatolewa, kama ilivyoonywa pembeni mwa ukurasa wa tisa, vitundu vya ukuta vizibuliwe.'" Akainua uso. "Sijaelewa."

"Msimamizi wa kazi hakufika ukurasa huu. Mimi nimefika. Mtu akiziba mlango ili watu wasijue nyumba ilikuwa na mlango, hawezi kuacha kibao ukutani kinachosema 'Pitia hapa'. Aliyefuta onyo kwa makusudi angefuta na mstari huu. Mtu hufikiri. Kilichofuta onyo hili hakikufikiri."

"Kwa hiyo niko huru?"

"Kwa hiyo urudi ukakae. Ninajua kilichokosekana tu, bado sijajua kilikwenda wapi." Inspekta alimgeukia koplo. "Mtafutie mkeka."

Nyumba ya Timazi ilikuwa ya vyumba vichache, lakini hapakuwa na picha iliyoning'inia upande wala mlango uliokwaruza sakafu. Sebuleni kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kutazama ukuta, ili mgeni asikikalie. Mjane wake alikuwa akipiga pasi mashati ya marehemu ya kugawia watu. Alikuwa akiyakunja kwa uangalifu, kola juu, mikono nyuma, kana kwamba mwenyewe angeyavaa kazini kesho.

"Karibu, baba. Mtoto yuko chumbani na mashine yake. Nikuitie?"

"Kwanza nina neno na wewe, mama. Ile rasimu ilikuwa ndani ya sanduku lako. Nani aliiweka?"

Mjane alipitisha pasi juu ya kola. "Mwenyewe."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mama Kitinda, hii mtoto asiione.' Nikamwambia, kama haitakiwi kuonekana, jiko lipo, ichome. Akasema hawezi kuuchoma ushahidi. Nikamwambia, ushahidi gani huo wa kufichwa chini ya mashuka kama mwari? Akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka."

"Ilikuwa kabla ya baraza au baada?"

"Kabla. Ilikuwa siku ya mazishi ya wale mafundi. Kitinda alikwenda kuzika kwa niaba yetu, maana baba yake alishindwa kusimama mbele ya wale wajane. Mtoto alipotoka tu, mzee akaingia chumbani kwake akakaa kwenye kompyuta. Nikashangaa. Yeye na kompyuta walikuwa paka na maji. Nilimpelekea chai, ikapoa. Nikapeleka nyingine, ikapoa. Alipotoka alikwenda kunawa uso, akanawa muda mrefu. Kisha akachukua hayo makaratasi yake, akaniomba ufunguo wa sanduku."

"Umemwambia binti yako haya?"

"Hajaniuliza. Anauliza tu Mkurugenzi atafungwa lini." Mjane aliisimamisha pasi. "Kwani ni kitu kikubwa?"

Inspekta alikuwa ametoa daftari lake la kazi, lakini hakuandika kitu. Alilirudisha mfukoni, akagonga mlango wa chumba.

Kitinda alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwenye macho ya baba yake yaliyokaa karibu karibu. Kazi yake ilikuwa kupanga miswada ya wahandisi na wanafunzi wao, na karatasi zilijaa hadi kitandani.

"Shikamoo, mzee. Amekiri?"

"Marahaba. Hajakiri."

"Mtambembeleza mpaka lini? Au kwa sababu ni bosi?"

"Analala sakafuni kama wengine. Binti yangu, nifundishe kazi yako. Nifundishe kama mtu asiyejua kitu, maana kweli sijui."

Kitinda alimtazama kama mtu anayepima kama anachezewa. Kisha akamvutia kiti.

"Baba alikuwa anaandika kwa mkono, mimi naingiza kwenye kompyuta," alisema. "Wahandisi hesabu zao ni ndefu, programu za kawaida zinazivuruga. Sisi tunatumia LaTeX. Hapa huoni ukurasa wenyewe. Unaona maneno, na katikati yake maagizo: hapa pawe kichwa, hapa pakae mchoro. Ukishamaliza unabonyeza hapa, programu inakupikia ukurasa."

"Nani anaipa mapishi?"

"Klasi." Alionyesha faili jingine. "Klasi ni kama sare ya shule. Kila mtoto anakuja na mwili wake, lakini sare ni moja. Upana wa pembeni, ukubwa wa vichwa, namba za milinganyo, yote inaamua klasi. Ofisi ya baba ina klasi yake. Bila kuivaa hiyo, muswada hawapokei. Iliundwa zamani na mtu aliyekwisha kuhama, wala hakuacha maelezo. Tunajifunza kwa kupapasa."

"Baba yako aliipenda?"

Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Aliipenda sana. Alisema hatimaye ameona kitu kinachonyoosha mistari kuliko yeye."

"Fundi wetu amelichukua faili lililoko ofisini kwa baba yako akalilinganisha na nakala uliyotupa ya hili lako. Yanafanana herufi kwa herufi. Onyo limo."

"Limo?" Kitinda aligeuka. "Basi lilifutwa mtamboni!"

"Mtambo ulichapa kurasa zilezile ulizozituma wewe."

"Haiwezekani. Baba mwenyewe aliniambia alikwenda ofisini akalitoa kwa mkono wake. Nilimuuliza siku ile aliyotoka barazani. Nilimwambia, baba, lile onyo nililiingiza mimi, wewe unasemaje hukuliweka? Akasema alilitoa kuwaridhisha wakandarasi. Nilimwita mwoga, mzee. Nilimwita mwoga na chakula kikiwa mezani. Tangu siku ile sikukaa naye meza moja tena. Kisha akafa, nikaikuta ile rasimu, nikajua kwamba alitishwa. Ndiyo maana namtaka Mkurugenzi. Nimemdhulumu baba yangu kwa ajili yake."

Inspekta alitoa rasimu katika bahasha, akaifungua juu ya magoti. Alinyoosha kidole kwenye ukingo wa kulia wa ukurasa.

"Hivi vijiti vyeusi mwishoni mwa baadhi ya mistari ni vya kalamu?"

"Hapana." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mstari ukizidi upana, klasi inaweka kijiti ili nione nirekebishe."

"Kwenye kitabu cha bluu havipo. Ulirekebisha mistari yote?"

"Mingine niliiacha, imezidi unywele tu. Lakini vijiti havitoki kwenye kitabu. Tazama hapa, mstari wa kwanza wa faili, ndani ya mabano. Pana neno moja: 'rasimu' au 'mwisho'. Ukiweka 'rasimu', klasi inakuonyesha uchafu wote wa jikoni. Ukiweka 'mwisho', inaficha, mgeni anaona sahani safi."

"Nani alibadili neno hilo?"

"Mimi. Baba alipomaliza kutia sahihi rasimu, nilibadili, nikaona idadi ya kurasa ni ileile, nikatuma."

"Hukuzipitia tena?"

"Baba alikuwa ameshazipitia. Neno moja tu nililobadili."

Inspekta alifunga rasimu polepole. Sauti yake ilishuka.

"Binti yangu, zaidi ya vijiti, kuna nini kingine ambacho klasi hii huonyesha kwenye rasimu na kuficha kwenye mwisho?"

"Neno RASIMU lenyewe juu ya ukurasa. Namba za mistari. Na—"

Kidole chake kilibaki hewani.

"Na nini?"

"Maoni."

"Maoni ni kitu gani?"

"Ni agizo." Alikuwa akiongea na kioo cha kompyuta sasa, si na Inspekta. "Wahakiki wanaandikiana pembeni. 'Hapa hesabu haijakaa.' 'Mchoro uko wapi?' Mambo ya ndani. Kitabu kikienda mtamboni hayatakiwi, kwa hiyo klasi inayaondoa."

"Onyo la baba yako uliliweka pembeni kwa agizo gani?"

Kitinda alishusha maandishi kiooni, ukurasa baada ya ukurasa, hadi wa tisa. Inspekta hakuhitaji kufundishwa tena. Hata yeye aliweza kuona. Maneno ya Timazi yalikuwapo, kamili, hayakupungua herufi. Mbele yake, kama mlinzi mlangoni, lilisimama neno *maoni*.

"Alitaka liwe pembeni," Kitinda alisema. "Alisema pembeni ndipo jicho la fundi linapotua. Nikatafuta kwenye klasi agizo la kuweka maneno pembeni, nikaliona hili. Likatoka vizuri, ndani ya kisanduku chekundu. Baba alifurahi. Alisema, 'Hapo, mwanangu, hata kipofu ataliona.'"

Alikwenda mstari wa kwanza, akaandika *mwisho*, akabonyeza. Ukurasa wa tisa ukatokea, pembeni peupe. Akaandika *rasimu*, akabonyeza. Kisanduku chekundu kikarudi. Akaandika *mwisho*. Peupe. *Rasimu*. Chekundu. *Mwisho*. Inspekta alimwacha, akamwacha, kisha akauweka mkono wake juu ya kibao cha herufi.

"Inatosha."

"Si Mkurugenzi."

"Si yeye."

"Ni mimi niliyewaua wale watu."

"Mvua ilikuwapo. Aliyeunda klasi akahama bila kuacha maelezo alikuwapo. Mkubwa aliyetia sahihi bila kusoma alikuwapo, na wewe hukufungua ukurasa wa tisa. Hilo ndilo nitakaloandika, kwa sababu ndilo lililotokea."

"Lakini baba..." Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Baba alikuwa na rasimu. Ina sahihi yake. Angeipeleka barazani wangemwachia palepale. Kwa nini aliificha?"

Hili ndilo swali ambalo Inspekta alikuwa amelibeba tangu kituoni, na jibu lake alikuwa amelipata sebuleni, karibu na pasi. Angeweza kulimeza. Badala yake aliinama, akakiinua kiti.

"Siku ya mazishi ya mafundi ulikuwa makaburini. Tazama kama kuna faili lililofunguliwa hapa siku hiyo."

Kitinda alitafuta. Katikati ya mafaili yake, ambayo yote yalikuwa na majina marefu yaliyopangwa, palikuwa na moja fupi asilolijua: *jaribio*. Alilifungua. Lilikuwa nakala ya kitabu. Mstari wa kwanza ulisema *mwisho*. Katika ukurasa wa tisa agizo la maoni lilikuwa limeondolewa, na onyo limeandikwa upya katikati ya ukurasa, bila agizo lolote, kwa mkono wa mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja:

*usichimbe mguuni mwa ukuta kabla maji yaliyo nyumma yake hayajatolewa . utaanguka*

Alibonyeza. Ukurasa ukatoka, na onyo likiwa katikati yake, jeusi, halina kisanduku.

"Alijua," Kitinda alisema.

"Alijua."

"Alijua kabla ya baraza. Alijua nilipomwita mwoga."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, shati moja mkononi. Hakuna aliyejua amesikia tangu wapi. Alikitazama kioo ambacho hakuweza kukielewa, akamtazama mwanawe, ambaye alimwelewa mara moja.

"Baba," alimwambia Inspekta, bila kupaza sauti, "mume wangu alikibeba kitu hicho mpaka kaburini. Wewe umekifukua kabla jua halijafika utosini."

"Ndiyo, mama."

"Ungeshindwa nini kukiacha?"

"Kuna mtu sakafuni kwangu ambaye hakufanya kosa. Kesho atasomewa shtaka la kusababisha vifo vya watu watatu, na kinachomfunga ni neno la binti yako. Na mume wako anaitwa mzembe kwenye karatasi za baraza. Nikinyamaza, wote wawili wanabaki walipo."

"Na huyu je?"

"Hakukusudia, wala hakuficha. Mwendesha mashtaka ataamua. Mimi nitamwambia hivyo. Lakini siwezi kumtoa Mkurugenzi kwa maneno yangu matupu."

Feni ya kompyuta ilivuma. Kitinda alijifuta uso kwa kanga ya mama yake, iliyokuwa karibu, kama alivyofanya pengine tangu utotoni, kisha akaketi.

"Toa kalamu, mzee. Andika."

"Unaweza kungoja wakili."

"Andika. Baba yangu aliandika onyo. Alilitaka pembeni, nikaliweka mimi mahali ambapo halikutakiwa kukaa, nikalipoteza. Alipogundua alijitwisha. Hakusahau. Hakuwaogopa wakandarasi. Andika na hilo, kwamba hakuwa mwoga. Lianze hilo."

"Linaanza," Inspekta alisema, akaandika.

Alipomaliza alimsomea, naye akatia sahihi. Kisha Kitinda aligeukia kompyuta ili amchapie ukurasa wa tisa wa lile jaribio, uambatane na maelezo. Kidole chake kilikwenda kwenye neno ambalo baba yake alilikosea, lile lenye herufi moja iliyozidi. Kilikaa juu yake muda. Akakirudisha. Ukurasa ukachapwa kama ulivyokuwa, na chini yake, mahali ambapo kwenye rasimu palikuwa na sahihi ya Timazi, akaandika jina lake.

"Watamrudishia cheti?"

"Marehemu harudishiwi cheti. Watairekebisha taarifa. Jina lake litasomeka upya."

"Na Mkurugenzi?"

"Atalala kwake leo."

"Mwambie..." Akamkabidhi karatasi.

Sebuleni pasi ilikuwa imepoa. Mjane alimsindikiza hadi mlangoni, bado ameshika lile shati, na Inspekta alipokuwa akivaa kofia alimwona, badala ya kulirudisha kwenye fungu la kugawa, akilitundika kwenye mgongo wa kile kiti kilichotazama ukuta.

"Kuna neno sikukuambia," mjane alisema. "Sikuona lina maana. Siku ile alipokwisha kunawa uso, nilimuuliza, ulikuwa unatafuta nini kwenye mashine ya mtoto? Akasema alikuwa anaitazama kazi yake."

"Akasema nini kuhusu kazi hiyo?"

Mjane alitazama mlango wa chumba. Ulikuwa wazi, na ndani Kitinda alikuwa ameacha kulia ili asikie.

"Alisema, 'Mama Kitinda, mtoto wetu ana mkono mzuri. Kurasa zote zimenyooka.'"